Ukungu wa Gehandu

Swali lililoninyima usingizi wiki tatu lilikuwa fupi: mtu akisema jambo redioni bure, nami nikaliandika na kuliuza, nimeiba?

Nililigeuza kila upande. Nilijitetea kwamba maneno yakishatoka hewani ni ya kila mwenye masikio. Kisha nikajishitaki kwamba mahindi ya mtu yakimwagika barabarani bado ni yake. Nilitoka chuoni na vitu viwili, shahada na tabia ya kubishana na nafsi yangu, na mpaka wakati ule ni tabia tu iliyokuwa imepata kazi.

Shughuli yenyewe ilikuwa hivi. Nilipanga kona kwenye duka la steshenari mjini Katesh, nikawa nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Kila Jumatano jioni kulikuwa na kipindi cha wakulima kilichoendeshwa na bwana shamba mstaafu wa Mbulu, mzee anayeujua udongo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Lakini saa ile ni ya kukamua, na ng'ombe hangoji kipindi kiishe. Kwa hiyo nilikirekodi kwenye simu, nikakifupisha kuwa ukurasa mmoja, nikauza nakala mnadani. Wateja walizikunja wakaziweka kwenye mfuko wa shati kama kitambulisho. Sikumwomba mtu yeyote ruhusa.

Kufupisha nilikujua. Shuleni tulifundishwa kupepeta makapi tubaki na punje, na kwa mzee yule makapi yalikuwa mengi. Mtu akipiga simu kuuliza apande lini maharage, kwanza shikamoo na marahaba, nyumbani hawajambo, mifugo je. Kisha mzee aanze maswali yake. Kwenu ni juu au chini? Asubuhi mnaona ng'ambo ya bonde? Jirani yako ameshapanda? Dakika tano zinapita maharage hayajaguswa. Niliyaondoa yote hayo, nikabakiza jibu. Niliusifu sana ungo wangu.

Jumamosi moja nilikwenda nyumbani Gehandu. Jirani yetu, mjane ambaye namwita mama tangu utoto, alikuwa mmoja wa wateja wangu wa kwanza. Shamba lake liko kando ya njia. Lilikuwa limelimwa vizuri, safi, na halina kitu. Kulia na kushoto maharage ya majirani yalikuwa yameshatoa majani.

Nilimkuta mlangoni akichagua mbegu kwenye ungo. Tulisalimiana mpaka salamu zikatosha, ndipo nikamuuliza mbona hajapanda. Alinijibu kwa upole, kama anayemkumbusha mtu agizo lake mwenyewe.

"Si karatasi yako imesema tungoje ukungu upungue?"

"Na umepungua?"

"Utapunguaje na haujaja? Nangoja uje kwanza."

Kwetu Gehandu hakuna ukungu wa kusema. Majirani walikuwa wanapita kila asubuhi wakimuuliza kama mgeni wake ameshafika, naye hakuyumba, kwa sababu karatasi imechapwa, tena na mtu aliyefika chuo kikuu. Maharage yake ya mwaka mzima yalikuwa kwenye ungo ule, na mvua haikuwa na mpango wa kumsubiri.

Nikamkumbuka aliyepiga simu. Alikuwa mtu wa milima ya juu ya Mbulu, ambako kuna asubuhi mtu hawaoni ng'ombe wake mwenyewe mpaka saa nne. Mzee alimwambia, "Wewe wa huko, ngoja." Mimi niliandika, "Ngoja."

Wiki tatu nilikuwa nauliza kama nimeiba maneno ya mzee. Kumbe nilikuwa sijauliza kama nilichouza kilikuwa maneno yake.

Sentensi ya kuniokoa ilikuwa tayari mdomoni: wamebadilisha ushauri, mama, wiki hii wamesema mpande. Angeamini. Niliimeza.

"Mama, panda leo. Mzee alikuwa anamjibu mtu wa milimani. Mimi niliondoa maneno yake mengine."

"Uliondoa yapi?"

"Salamu. Na maswali."

Akaweka ungo chini. "Sasa salamu za watu zilikukosea nini?"

Hakungoja jibu. Alinionyesha lilipo jembe. Tulipanda mpaka jua likazama. Jumapili alikataa kushika jembe hata kwa haraka ile, tukaenda kanisani, na Jumatatu tukamaliza.

Jumanne nilipanda basi la Mbulu na karatasi zangu zote kwenye bahasha. Nilimkuta mzee nyumbani kwake. Alipokea shikamoo yangu, akaniuliza nimetoka wapi, ni juu au chini, mama yangu anaendeleaje, ndipo akavaa miwani akasoma. Nilimweleza kila kitu, pamoja na kwamba nilikuwa nauza bila kumwomba. Alipomaliza kusoma aliuliza jambo moja.

"Huyo mama amepanda?"

"Amepanda."

"Haya."

Kuhusu ruhusa, alisema kipindi si chake peke yake, atawauliza wenye redio, na hajui watasema nini. Zamani jibu kama hilo lingenigharimu usingizi wa wiki. Lakini nilikuwa nimeshaamua ndani ya basi: siuzi tena hata moja mpaka wakubali na yeye awe ameisoma, na zile zilizoko mikononi mwa watu nitazikusanya, niwape zilizorekebishwa bure. Nilimwomba aniruhusu marekebisho hayo tu. Alizisahihisha karatasi mwenyewe kwa kalamu, pale pale.

Siku ya mnada nilisimama mahali pangu pa kawaida na karatasi mpya, sasa kurasa mbili, ikianza na alikotoka mpigaji simu na maswali yote aliyoulizwa. Aliyeleta ya zamani alipewa mpya bure. Muuza mbuzi mmoja, ambaye hakuwahi kuchukua ya zamani, alikuja na hela mkononi akitaka ya wiki ile.

"Leo siuzi," nilimwambia. "Lakini shikamoo. Kwenu ni juu au chini?"