Ndevu za Matanga

Kaka yangu Eladio hakucheka. Anayesema alicheka aje La Chanca, mtaa wetu wa mlimani, aulizie nyumba ya Encarna, anikute mlangoni nimjibu.

Baba yetu alikufa mwezi wa Februari. Alikuwa dalali wa farasi, kama baba yake kabla yake. Sisi Wagitano, Majipsi wa Uhispania, hapa Almería tukifiwa, tumefiwa kweli: miaka miwili nguo nyeusi, redio imefunikwa kitambaa, divai haifiki mdomoni, mwanamume hagusi wembe. Kucheka mbele za watu ni kumtemea marehemu mate. Na mama yetu, Virtudes, hakuwa na mchezo katika hayo.

Mei ile ile Waitaliano wakaja jangwani Tabernas kupiga filamu zao za wachunga ng'ombe wa Marekani. Walitaka watu wanaojua farasi, na nani anawajua kuliko sisi? Eladio akamwomba mama ruhusa.

"Kupanda farasi ni kazi. Nenda," mama akasema. "Lakini ngoma, pombe na kicheko, nisisikie."

"Hutasikia, mama."

Mwongozaji wao, bonge la mtu kutoka Roma, alimtazama kaka yangu siku ya kwanza: ndevu za miezi mitatu, shati jeusi, kofia nyeusi ya baba. Akapiga makofi. Akawageukia waigizaji wake, wamenyolewa laini kama maharusi.

"Mwoneni huyu! Jambazi ndiye huyu! Kuanzia leo hanyoi mtu!"

Ndani ya wiki wanaume ishirini wakawa na ndevu na mashati meusi. Loo! Msiba wetu umekuwa sare. Na hadithi yenyewe, alijisifu mwenyewe, kaichota kwenye filamu ya Wajapani wenye panga. Fikirini basi: kisa cha Kijapani, kimeandikwa upya na Mwitaliano, kinahusu Marekani, kinachezwa Uhispania na Mgitano anayejifanya Mmeksiko. Mchuzi gani huo?

Ikafika siku ya kupiga onyesho la kilabuni. Majambazi wamemuua mzee wa watu, sasa wanasherehekea. Eladio akagoma.

"Mimi nimefiwa, bwana. Sinywi, sicheki."

"Nani kakwambia ucheke?" yule bonge akasema. "Chupani mna maji. Nataka ndevu zako tu. Fungua mdomo, mwite yeyote umpendaye. Sauti haturekodi hapa."

Kweli, hawakurekodi. Filamu zao zote walizitia sauti baadaye, huko Roma. Basi Eladio akasimama na chupa yake ya maji, akafungua mdomo, akamwita Lucero, farasi wa mwisho wa baba. Alimwita mara mbili. Jioni ile alinisimulia, machozi yakimlengalenga.

Agosti ya mwaka uliofuata, matanga bado, filamu ikaja sinema ya uwanjani, chini ya mlima wetu. Sisi wa juu tuliuona bure ukuta wao wa kuonyeshea filamu. Mama, tangu afiwe, aliketi akiupa mgongo. Jirani mmoja, mdomo wake Mungu anaujua, akapiga kelele:

"Virtudes! Mwanao yuko ukutani!"

Mama akageuka. Eladio alikuwa pale, mkubwa kama kanisa, kofia ya marehemu kichwani, chupa mkononi, mdomo wazi. Na kwenye vipaza sauti kicheko: kinene, cha kushiba, cha Mroma fulani ambaye hata simjui na namlaani mpaka leo.

"Mama, si sauti yake ile!" nikamwambia. "Tazama midomo, anamwita Lucero!"

"Mdomo ule nimeuzaa mimi," mama akasema. "Umecheka."

Eladio alikuja kupiga magoti.

"Naapa kwa kaburi la baba!"

"Kaburi lipi? Lile ulilolichekea?"

Akamvua ile kofia, akaingia nayo ndani. Asubuhi kaka yangu akaenda kwa miguu mpaka Tabernas, yule bonge akiwa amerudi kupiga filamu nyingine. Akamsihi aje amweleze mama. Unajua alijibiwa nini?

"Mwambie mama yako, hakuna kicheko kizuri kama kile katika filamu nzima." Akampigapiga begani, akaendelea na kazi.

Miaka kumi na moja mama hakulitaja jina lake. Alikuwa akipakua sahani ya dengu, akiifunika, akiniambia tu, "Peleka." Hakusema kwa nani, nami sikuuliza.

Siku anakufa aliniita karibu.

"Nikifa, mwambie kaka yako anyoe."

"Mama, usimfanyie hivyo. Mtoto wako wa kiume!"

"Ndevu zake za matanga nilishaziona sinema. Kwangu mimi anyoe."

Nilimfikishia. Ningefanyaje, neno la marehemu? Eladio akaja mazikoni na mashavu meupe, kidevu kinatoka damu, na ukoo mzima ukamtazama kama mtu aliyekuja uchi. Nilipaza sauti pale pale makaburini kwamba hakucheka. Shangazi zangu wakanivuta nguo ninyamaze.

Nilidhani baada ya mazishi ataacha kunyoa, nani wa kumwona? Lakini vyumba vyetu vilipakana ukuta. Kila asubuhi kwa miaka yote miwili ya matanga nilimsikia akinoa wembe, na hakuruka hata siku moja.