Amin Niliyoitikia Kisimani

Nimekosa, na wa kulaumiwa ni mimi. Jina langu silitaji. Kijiji ni cha huku Bagamoyo, si mbali na Mbegani, na wenyewe wakisoma watanijua. Niacheni niseme tu, maana limenikaa kooni.

Mume wangu alipofariki aliniachia shamba la mikorosho, liko mwinukoni juu ya nyumba. Chini yake kuna kisima alichochimba baba mkwe, maji yake matamu, mtaa mzima ukichota hapo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu. Huyo ndiye aliyenilelea watoto nilipokuwa nazunguka na biashara ya samaki.

Dalali akaja, watu wa Dar wanatafuta viwanja. Wifi aliposikia akanambia, "Mikorosho hii ndiyo inayoushika huu mwinuko. Ikiondoka, sijui huko chini tutaishije."

Nikamwona ana kijicho. Nikauza lote. Tena nilimwambia dalali asiwatajie wanunuzi habari za kisima, wasije nao wakataka kuteremka kuchota. Hilo nalo ni langu.

Mikorosho ikakatwa ikawa mkaa. Zikapanda nyumba, kuta, na nyua za saruji. Masika ya kwanza tu, maji yaliteremka na udongo mpaka mlangoni kwangu. Baadaye kisima kikaanza kunuka. Wajukuu wakaharisha, na yule mdogo akalazwa, tukadhani hatarudi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwachunguza watu. Nani anachota peke yake? Nani ananisalimu kwa mkato? Nikagundua wifi haji tena kisimani, ananunua maji ya madumu. Nilipomuuliza akajibu, "Maji yale siyaamini. Kawaulize wageni wako wamechimba nini huko juu."

Mimi nikasema moyoni, huyu kajuaje kabla yetu sote? Basi ni yeye! Kakosa fungu la shamba, sasa anatumalizia watoto.

Nikamwendea mwalimu wa madrasa asome albadiri. Wasioijua, ni kisomo cha kumwapiza mkosaji asiyejulikana, nacho humfuata popote alipo, awe nani. Mwalimu akakataa. "Mama, tafuteni sababu kwanza. Kitu hiki si cha kuchezea." Hata yeye nikamshuku, nikajua ameshakula kwa wifi. Nikamleta msomaji mwingine kutoka mbali.

Tukakusanyika kisimani. Akaomba kwamba aliyeyaharibu maji haya, na aliyekuwa sababu, asipate raha. Niliitikia amin kwa sauti kuliko wote. Wifi peke yake hakuitikia. Alikaa kichwa chini, mdomo kaufunga, na watu wote wakamwona.

Ikatosha. Vitumbua vyake vikakosa mnunuzi. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Hakugombana na mtu, alifunga mizigo akaenda kwa wajomba zake Mkange. Nilimtazama akiondoka na nikaona nimeshinda.

Sasa sikilizeni. Siku moja mzee wa ile nyumba ya juu, mtu wa bara, mkarimu sana, akanikaribisha chai. Akawa anakisifia kiwanja.

"Mama, ardhi yako ina baraka. Tangu tuhamie choo chetu hakijajaa. Fundi alichimba shimo akakutana na maji, tukajenga hivyo hivyo. Kila kitu kinajiendea chenyewe."

Kinajiendea wapi? Nikageuka. Kisima kilikuwa pale chini, mteremko ule ule. Yule mzee hakujua kama kipo, kwa sababu mimi nilikificha. Chai ilinishinda.

Tangu siku hiyo nikiumwa kichwa nashtuka. Homa kidogo tu, najiuliza kama ile albadiri ndiyo imefika. Nilizoea kuwashuku wenzangu, na sasa naushuku mwili wangu mwenyewe.

Nilikwenda Mkange. "Shikamoo wifi." "Marahaba, pita ndani." Nikamweleza yote, nikalia. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuitikia, maana angeitikia watu wasingemshuku.

Akanijibu, "Ningeitikiaje, wifi? Nilijua kisomo kile kinakwenda kwa nani. Na watoto wako nimewalea mimi."

Nilimwomba arudi. Alisema amechoka.

Ndugu zangu, mkiuza shamba, semeni huko chini kuna nini na nani anakunywa hapo. Maji yakiharibika, pandeni juu mkaangalie kabla ya kumtafuta mchawi. Kisima tumekifunika, na watu nimewaambia ukweli. Lakini amin yangu niliitikia mbele ya wote, na sijui pa kuirudisha.