Kuchaji Simu ya Marehemu

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilichaji simu ya mtu aliyekufa. Niliichaji kila siku nikitoka shuleni, kabla hata sijavua viatu, na kama ungeniuliza najisikiaje, ningekuambia sijisikii chochote. Marehemu alikuwa mume wangu. Simu yake ilikaa juu ya friji, nyumbani kwetu Embu mjini, kwa sababu soketi ya hapo ndiyo pekee iliyoelewana na chaja yake, tena mpaka uegemeze waya kwa kopo la majani chai.

Sababu ilikuwa mama yake. Mama mkwe wangu anaishi kule juu ya Runyenjes, kwenye kahawa, na jioni nyingi alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwa namba ya mwanawe. Ni mwanawe aliyemnunulia simu ya kupangusa na kumfundisha, wameketi jikoni kwake, mimi namenya viazi. "Tiki moja, Mama, imetoka kwako. Tiki mbili, imefika kwangu. Ukiona mbili, tulia." Ile rangi ya buluu ya kuonyesha umesoma, mume wangu alikuwa ameizima. Alikuwa dereva wa lori na hakutaka watu wamuulize mbona amesoma na hajajibu.

Wiki moja baada ya mazishi simu ikalia pale juu ya friji. Nikaiangalia. Ilikuwa picha ya mama mkwe, amesimama na ndama, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika moja na kitu. Sikuufungua. Mimi nimelelewa Nkubu, huko Meru, na kwetu maneno ya mama na mwanawe si ya mke kuyasikiliza. Hata kwao Embu ni vivyo hivyo. Mama mkwe akiketi na mwanawe kando, wewe unachukua ndoo unaenda kuteka maji, hata kama mapipa yote yamejaa. Nilifikiri mama wa watu ana uchungu, anaongea na mtoto wake, mwache aongee.

Lakini niliona umefika. Nikajua huko alipo ameona tiki mbili na ametulia. Nikasema, haya, hii nitaiweza. Nimeshindwa kulia, nimeshindwa kula, nimeshindwa hata kuwajibu wanaosema pole, ila kuchaji simu, hilo naweza. Kazi yangu ikawa hiyo moja, simu isizimike ili maneno ya mama yasikose pa kufikia.

Watu walisema nina moyo mgumu. Sikulia kaburini, na walioketi nyuma walihesabu. Shemeji yangu ndiye aliyefungua kikundi cha kupanga mazishi, na kwa haraka akakifungulia kwenye simu ya marehemu, ati kwa sababu ndiyo iliyokuwa na namba za madereva wenzake wote. Kwa hiyo mume wangu mwenyewe, na picha yake amevaa kofia, akawa anatangaza: "Mkutano wa mazishi ni leo saa kumi, tafadhali tuzingatie wakati." Wazee walimjibu amina. Baada ya maziko wakaanza kutoka, fulani ameondoka, fulani ameondoka, mpaka nikabaki mimi na marehemu. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu za kucheka.

Sasa, anayedhani kuchaji simu ni kazi rahisi, nimpe ile simu akae nayo wiki moja. Mdomo wa chaja ulikuwa umelegea. Ukifunga mlango kwa nguvu, chaji inakata. Stima ikipotea na kurudi, inawaka na kuzima kama inakonyeza. Ikizima kabisa ukaiwasha, haipokei ujumbe wowote mpaka uweke namba ya siri. Niliijua, kwa bahati nzuri, maana alikuwa akiniambia nimtazamie nani amepiga akiwa kwenye usukani. Mara inaniuliza kama nataka kuhifadhi picha zangu mahali salama. Mara inanipongeza kwa kutembea hatua sifuri. Siku moja ikaniletea picha yetu tukiwa kwenye harusi ya rafiki na muziki wa kinanda chini yake, na maneno: "Kumbuka siku hii." Haki ya Mungu, nani alikuuliza? Nikaifunika kwa kitambaa cha vyombo nikaendelea kusahihisha insha.

Jumapili mama mkwe alikuwa akinipigia kwa simu yangu, na hayo yalikuwa maongezi ya adabu. "Mwalimu, mko salama?" Tuko salama, Mama. "Mtoto amefika shuleni?" Binti yetu yuko shule ya bweni, alifika. "Mvua?" Imenyesha kidogo. "Haya, Mungu akubariki." Yeye Kiembu, mimi Kimeru changu, tunaelewana bila mkalimani. Krismasi nilimpeleka mtoto, tukala, tukaomba kaburini, tukarudi siku hiyo hiyo. Nilimwona mama amepoa kwangu. Hakunifungia ndizi za kubeba, na kabla ya hapo hakuwahi kuniacha niende mikono mitupu. Nikasema ni majonzi. Mimi mwenyewe nilikuwa na ganzi mwili mzima, ningemlaumu kwa nini?

Basi mwezi wa tano mwaka huu, ile programu ya ujumbe ikafunga mlango. Nimetoka shule, nimeshika simu kuhakikisha, nakuta maandishi: toleo hili limepitwa na wakati, sasisha ili uendelee. Nikabonyeza sasisha. Ikasema simu imejaa. Nikaketi sakafuni mgongo kwenye friji na kuanza kufuta vitu vya marehemu. Nikafuta video za mpira. Nikafuta lori lililoanguka, lori lingine lililoanguka, na kwaya za watu nisiowajua. Sikuhisi kitu, kama mtu anayekwangua masizi kwenye sufuria. Nikabonyeza tena. Bado imejaa. Nikafuta tena. Ikasema hakuna mtandao. Mtandao ulipokuja, ikasema subiri. Nilisubiri siku mbili, na siku hizo mbili hakuna ujumbe uliofika.

Nikaipeleka kwa fundi. Ana kibanda karibu na stendi, mtu mpole, mwenye kioo cha kukuzia kichwani. Nikamwambia nataka simu hii ipokee ujumbe kama zamani, basi, sitaki kingine. Sikumwambia kuna sauti za mtu ndani. Kwa nini nimwambie? Mimi mwenyewe sikuzihesabu kuwa zangu. Akaniambia nirudi baada ya saa mbili. Niliporudi akanipa simu inayong'aa, amebadilisha hata mdomo wa chaja. "Nimeiosha yote, mwalimu," akasema kwa furaha. "Ilikuwa na uchafu mwingi. Sasa ni kama umeitoa dukani." Nikaiwasha. Ikanikaribisha. Ikaniuliza natumia lugha gani.

Sikumkaripia. Alifanya nilichomwambia. Nilimshukuru, tena kwa heshima, nikaenda zangu.

Nyumbani nikaiweka ile programu upya. Ikataka namba. Nikaandika. Ikasema itatuma tarakimu sita kwa laini hiyo. Nikangoja tarakimu sita kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Hazikuja. Kumbe laini ilikuwa imefungwa, na sijui lini hasa, maana mwaka mzima simu ilitumia mtandao wa nyumba na sikuwahi kuitia salio. Nikapiga huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili, bonyeza mbili. Nikabonyeza mbili. Baada ya nyimbo nyingi akaja msichana mwenye sauti ya asali.

"Laini hii si yako, mama. Mwenye laini azungumze nasi."

"Mwenye laini amefariki."

"Oh, pole sana. Yuko karibu nawe sasa hivi nimuulize maswali mawili?"

Nikasema hapana, hayuko karibu. Akaniuliza kama kuna jambo lingine angeweza kunisaidia. Nikasema hakuna. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikachomoa chaja, nikarudisha kopo la majani chai kabatini.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na mama mkwe hakupiga. Nikajua ameona tiki moja. Siku nne tiki moja, tano, sita. Hapo ndipo hofu ilinishika, na nilishangaa kuihisi, maana sikuwa nimehisi kitu kwa muda mrefu. Nilimwona mzee wa watu ameketi na simu mkononi akisubiri ya pili, na mwanawe anakufa mara nyingine kwa sababu yangu. Jambo kama hilo huwezi kulisema kwa simu. Jumamosi nikafunga mkate na sukari, nikapanda Runyenjes.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye gunia, anachambua maharagwe kwenye ungo. Tukasalimiana. Akaniletea kigoda. Nikashika konzi ya maharagwe na mimi, maana ni rahisi kusema jambo mikono ikiwa na kazi.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Simu ya mwanao imekufa. Nimejaribu yote. Ujumbe wako hautafika tena."

Hakuinua macho. Akatoa jiwe, akalitupa kwa kuku.

"Niliona," akasema. "Nikajua umechoka nami, umeizima."

"Mimi? Mama, nimeichaji kila siku! Nilitaka uone umefika. Nilitaka uzungumze naye bila kukatizwa."

Hapo akaweka ungo chini. Akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mama mkwe.

"Nizungumze na nani?"

Nikarudisha maharagwe yangu kwenye ungo.

"Mwalimu. Mwanangu nilimzika. Mchanga wa kwanza niliurusha mimi kwa mkono huu. Nitamtumia ujumbe wa nini? Tangu mfunge ndoa, neno langu kwako nilikuwa nikilipitisha kwake. Namwambia, mwambie mama wa mtoto hivi. Na wewe umeketi hapo hapo, unasikia. Si ndivyo tulivyokaa? Simu yake ni ya nyumba yenu. Alipoenda, nikaendelea kupitia hiyo hiyo. Ningekupigia kwako nikuamrishe kama mtoto, ungeniheshimu?"

Nikakumbuka akimpigia mume wangu na sauti yake inatoka juu, mpaka jikoni naisikia: mwambie asibebe maji mazito, mwambie mayai ni yake. Nilikuwa nikiteka maji wakiongea kando. Wakiongea kwa simu nilikuwa nikisikiliza kila neno, na nilijua vizuri kwamba nasikilizishwa. Iweje nikasahau? Kufiwa kumenifanya mjinga.

"Ulikuwa unaniambia nini, Mama?"

"Mambo ya kila siku. Nani huyaweka? Nikiona imefika, nafuta." Akavuta ungo tena. "Kwamba ng'ombe amezaa. Kwamba usilale kwenye ile nyumba peke yako na mtoto yuko shule, uje huku, kuna kitanda. Hiyo nilisema sana. Nimepika githeri, uje. Nimeota vibaya, uje. Naona tiki mbili. Nasema, imefika, amesikia. Nangoja Jumamosi. Huji."

"Sikusikiliza, Mama. Hata moja. Nilidhani ni maneno yako na yeye."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Kuku walikuwa wakidonoa lile jiwe wakiliacha, wakirudi kulidonoa. Mama mkwe akachambua, akachambua.

"Nilikuwa na hasira nawe," akasema mwishowe, polepole, kama anayetaja bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa. "Krismasi ulipokuja sikuweza hata kukupa ndizi. Nikasema, huyu ametukataa, mume alipokufa naye akatufuta. Nikaomba sana juu ya hilo. Kwaresima nikakusamehe." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Nilikuambia nimekusamehe. Niliongea sana siku hiyo, mpaka nikalia. Nilikuambia humo humo ndani ya simu."

Nikalia. Kwa sauti, mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu halifanywi. Nililia kwa ajili ya mume wangu, mwaka mmoja na miezi minne nikiwa nimechelewa, na mama yake akaendelea kuchambua maharagwe, akininyooshea leso kwa mkono ule mwingine.