Dobi Aliyemfufua Mbeba Taa

Ukimwona dobi yule ameinama juu ya kola ya shati, utadhani ni mtu mpole. Waulize waliowahi kubishana naye juu ya Juzuu. Bwana yule angeweza kukufanya ujute kwa nini ulifundishwa kusoma.

Juzuu zenyewe ni saba, nene kama matofali. Ni hadithi ya kubuni ya zamani sana, ya watu wanaoishi mapangoni chini ya milima ya barafu, na wafalme wao, na vita vyao, na lugha yao ambayo mtungaji aliiunda neno kwa neno mpaka matusi. Ukizianza ujanani huponi. Dobi alizianza akiwa bado anajifunza kazi. Aliziweka pembeni ya meza ya pasi, akawa anageuza kurasa kwa mkono mmoja huku mwingine ukisukuma pasi, na mashati ya watu kadhaa yaliungua kwa ajili ya vita vya juzuu ya pili. Wenyewe waliambiwa umeme siku hizo ulikuwa na kichaa.

Jumamosi alasiri wapenzi wa Juzuu walikutana kwenye darasa la mwalimu wa hesabu. Alikuwepo mwalimu mwenyewe, mtu wa kutaka kila jambo liingiane na lingine. Alikuwepo dereva wa lori, aliyeishia juzuu ya tano lakini akibishana zote saba. Na alikuwepo fundi simu, binti mwembamba mwenye ulimi wa wembe. Walibishana jinsi ya kutamka majina, na nani alikuwa mrithi halali wa kiti cha barafu, na kama watu wa mapangoni wanaota ndevu. Dobi wakambandika jina la Kamusi, kwa sababu alimsahihisha kila mtu kabla hajamaliza sentensi. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba atakayeongeza au kupunguza jambo katika Juzuu, hata kwa bahati mbaya, awanunulie wenzake chai. Mwalimu alinunua. Dereva alinunua mpaka mama wa kibanda cha chai akaanza kumwita mkwe. Kamusi hakuwahi kununua hata kikombe.

Sasa tega sikio. Mtu huyohuyo, nyumbani kwake, alikuwa ameziharibu Juzuu kuliko mchwa.

Mkewe alikuwa haoni. Macho yalimwondoka kwa ugonjwa akiwa mtu mzima, akabaki na vidole, na vidole vile vilikuwa na akili kuliko macho ya wengi wetu. Mume alifua na kupiga pasi, yeye akakunja. Alipapasa vifungo akajua shati ni la nani, na kama mwenyewe ameongeza tumbo. Walikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Homa ilimchukua kabla hajamaliza kubadili meno.

Baada ya msiba mama yule alinyamaza. Hakutaka redio, hakutaka wageni, nguo alikunja kama anayekunja hewa. Dobi, ambaye hakuwa na dawa nyingine nyumbani, akafungua juzuu ya kwanza akaanza kumsomea wakati pasi inapoa. Alisoma kwa mazoea tu, hakutegemea kitu. Mpaka alipoingia Mbeba Taa.

Mbeba Taa ni msichana wa mapangoni anayetangulia mbele ya jeshi na taa mkononi. Ana mdomo mrefu, anawajibu majenerali kama wajomba zake, na viatu hataki kuvaa hata kwa fimbo. Mkewe dobi akacheka. Kicheko kilimtoka kikikwaruza, kama mlango wa chumba kilichofungwa muda mrefu.

"Huyu ni wetu," alisema. "Hata viatu hataki."

Basi ikawa kila alasiri, "Soma, tumwone mtoto amefika wapi." Na dobi, aliyezijua Juzuu kama kiganja chake, alijua mtoto anakwenda wapi. Mwisho wa juzuu ya tatu pango linaporomoka, jeshi linapita, Mbeba Taa anabaki upande wa pili wa jiwe. Hatoki. Juzuu nne zilizosalia hayumo.

Alipofika kwenye ukurasa ule alinyanyua macho. Mkewe alikuwa ameweka shati mapajani, kichwa kimeinama upande, anangoja. Kisha, yeye Kamusi, mlinzi wa kila nukta, akafungua kinywa akamtoa msichana kwenye ufa wa jiwe akiwa mzima, na taa yake inawaka.

Ukikata kitambaa kombo, lazima na mkono wa shati uushone kombo. Ilibidi ambebe Mbeba Taa juzuu nne nzima ambamo mtungaji hakumweka. Alimfundisha kupiga ngoma. Alimgombanisha na mfalme, akawapatanisha. Alimkuza, akampa mume mwenye kigugumizi, akampa na watoto mapacha. Juzuu zilipokwisha mkewe alitaka zirudiwe tangu mwanzo, na hapo ndipo dobi alipokiona cha moto, maana kila aliposahau uongo wake alisahihishwa. "Mbona mara ile alivuka mto kwa kamba?" Alikuwa amezaa Kamusi mwingine ndani ya nyumba, na kitabu cha huyo kilikuwa kichwani mwa dobi peke yake.

Jambo alilolihofu lilikuwa moja tu, mkewe asije akamzika Mbeba Taa naye. Kwa hiyo Jumamosi alikwenda darasani peke yake, na kila mkewe alipotaka kufuatana naye alisema njia ina mashimo, au wale watu wanavuta sigara. Hakuna aliyevuta. Filamu ya Juzuu ilipotoka na redio ikaanza kuitangaza, dobi akawa mtu wa kukumbuka ghafla kwamba betri zinakwisha.

Ukitaka kuficha moshi, usikaribishe watu wenye pua.

Jumamosi moja darasa lilikuwa linapakwa rangi. Dobi alikuwa na mzigo wa mashuka ya nyumba ya wageni, akatuma neno kwamba hatakuja popote. Wenzake, kwa mapenzi tu, wakaona wamfuate. Walibisha hodi wamebeba mikate na chupa ya chai, dereva akipiga kelele toka uani kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Dobi alitokeza na pasi mkononi, uso kama aliyetembelewa na askari. Lakini utamfukuzaje mtu aliyekuletea chai? Nyuma yake mkewe alishasikia. Alikuwa amesimama, anafuta mikono kwenye kanga, anacheka.

"Karibuni ndani," alisema. "Miaka yote nawasikia kwa jina tu."

Wakakaa katikati ya mashuka. Mke aliendelea kukunja, sikio limesimama. Na mazungumzo yalikuwa juu ya nini, kama si filamu? Wote walikuwa wametoka kuitazama. Dereva alisema majenerali wamevaa vizuri. Mwalimu alilalamika kwamba wale waigizaji wanaongea lugha ya mapangoni kama watu wenye viazi vya moto mdomoni. Dobi akaidaka hiyo haraka, akawaburuta kwenye matamshi, akataja sauti za kooni ambazo hata mtungaji alizisahau. Kila walipotaka kwenda mbele aliwarudisha. Akauliza habari za mashine za kufulia. Akauliza bei ya mafuta ya lori. Dereva akamtazama.

"Kamusi, unaumwa? Filamu imekata sura nzima na wewe unaniuliza mafuta?"

Dobi akasema sura zinakatwa, ndiyo mambo ya filamu. Kauli hiyo, kutoka kwenye kinywa hicho, iliwaduwaza. Mwalimu aliweka kikombe chini. Fundi simu, ambaye damu ilikuwa inamchemka tangu atoke kwenye jumba la sinema, hakuweza tena. Hakuwa na nia mbaya. Binti wa watu alidhani anamwamsha aliyelala.

"Mzee, wamemuua Mbeba Taa kwa dakika moja na muziki juu," alisema. "Wamemtoa mama yake kabisa. Ile sura ya jiwe, ambayo wewe ndiye uliyetufundisha kuipenda, haipo. Na wewe unasema ndiyo mambo ya filamu?"

Shuka lilisimama mikononi mwa mkewe.

"Mbeba Taa yupi?" aliuliza, kwa upole kabisa. "Yule wa mapacha?"

Wageni walitazamana. Dereva, maskini, alifikiri ni utani akaanza kusema kwamba hiyo ni chai ya watu wote, mapacha hawamo popote. Kisha akaona uso wa dobi, na maneno yakamfia njiani. Mkewe alimaliza kukunja lile shuka, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya mengine, akawaambia wageni chai itapoa. Wakanywa upesi, wakaaga.

Walipobaki wawili dobi alianza kuomba radhi, akazunguka na maneno mengi, kwamba alitaka kumpumzisha, kwamba ni kitabu tu. Mkewe akamwambia akae chini asome sura ile. Kama ilivyoandikwa.

Hapa lazima jambo moja lisemwe, ingawa katika nyumba ile lilikuwa halisemwi. Mtoto wao alipolazwa, macho ya mama ndiyo yalikuwa yanazimika, na dobi ndiye aliyekuwa akienda na kurudi hospitali. Daktari alimwambia mapema kwamba hapana tumaini. Dobi akarudi nyumbani akasema mtoto anaendelea vizuri, amekunywa uji, amekuulizia, kesho nitakupeleka. Kesho yake akasema kesho. Alisema hivyo kwa huruma, mke wake alikuwa amekwisha nusu na yeye hakutaka kummalizia nusu nyingine. Mama yule alikuja kumshika mwanawe akiwa ameshapoa. Hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja, na dobi akachukulia kwamba yalikwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alisoma. Katika sura ile jiwe linaanguka, na mama yake Mbeba Taa anarudi peke yake kutoka kwenye jeshi, anaketi gizani, anaegemeza shavu kwenye mwamba. Haupiti mkono, haupiti mkate, inapita sauti tu. Na watu wa mapangoni hawana desturi ya kuagana. Mtu wao akienda humwita naye huitika, mpaka mmoja asisikike. Basi mama anaita na mtoto anaitika. Anamgombeza habari za viatu. Anamwambia alivyokuwa mbishi tangu kuzaliwa, alivyokataa titi la kushoto. Anamwambia yote ambayo mama humwambia mwana, hana haraka, na kila akinyamaza sauti ya upande wa pili humwambia, "Nipo, sema." Mpaka mara moja anaita, na mwamba unakuwa mwamba.

Dobi alikuwa ameisoma mara nyingi maishani, na akawabishia watu juu ya kila mstari wake. Safari hii alisimama mara tatu kuvuta kamasi. Kilio cha mkewe hakikukatika. Alilia tangu shavu lilipogusa mwamba, kilio kikubwa cha wazi ambacho hakulia hata siku ya mazishi, mpaka mama wa nyumba ya jirani akaja mlangoni akarudi zake bila kubisha hodi.

Alipotulia alijifuta kwa upindo wa kanga.

"Hata mama wa kitabuni alipewa nafasi ya kuzungumza na mwanawe," alisema. "Mimi umeninyima, mume wangu. Mara mbili."

Dobi alisema alimpenda.

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia."

Hakuondoka, msije mkadhani. Aliendelea kukunja na mume akaendelea kupiga pasi, mezani walikula pamoja, na mtu wa nje asingeona tofauti. Dobi alijaribu kufungua juzuu ya nne wiki iliyofuata. Mkewe alimwambia pumzika, umechoka. Akajaribu tena, akaambiwa vivyo hivyo. Kisha siku moja mke alimwita fundi simu, akamwomba awe anapita alasiri akifunga kibanda chake cha simu, amsomee. Binti yule, aliyekuwa akijilaumu mpaka amekonda zaidi, alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

Darasani dobi hakwenda tena. Siku moja walipokutana naye njiani, dereva alimtania kwamba ana deni la chai ya kuwaogesha watu wote, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka, hata dereva mwenyewe.

Sasa alasiri meza ya pasi inatolewa uani. Mlango unaachwa wazi, kwa sababu chumba kina joto, na dobi anasikia kila neno. Fundi simu anasoma vizuri, haongezi wala hapunguzi. Wameshaingia juzuu ya nne, kwenye daraja la kamba, pale ambapo kwa miaka yote Mbeba Taa alikuwa akitangulia kuvuka na kuwacheka majenerali wanaotetemeka. Kitabuni majenerali wanavuka peke yao, kimya.

"Hapo hayupo?" mkewe anauliza.

"Hayupo, mama."

"Haya. Endelea."

Uani dobi anayo sehemu yote kinywani, kamba na kicheko na miguu peku, na hana wa kumsomea. Ananyunyiza maji kwenye shati la mtu, anabandika pasi.