Ujumbe kwa Baraza la Mbegu

Juzi, mvua za kupandia zilipoanza, nilipita kwenye ghala la mbegu hapa Songea. Tangu vita vya Majimaji viishe na njaa ishike, ulezi wa mbegu wa wajane huwekwa humo, na baraza la wajumbe watano limekabidhiwa kuutunza. Nilimkuta mama mmoja wa Matogoro mlangoni, kikapu chake kitupu. Ulezi wote ulikuwa umeoza, kwa kuwa paa linavuja tangu mwaka jana.

“Shikamoo, baba,” alimwambia mzee wa baraza, aliyekaa ndani na wenzake. “Nani alipaswa kuezeka?”

“Marahaba. Mimi ni mjumbe tu, binti yangu,” akajibu, mkono kifuani. “Kazi ya mjumbe ni kufikisha maneno.”

Wenzake wanne wakaitikia kwa vichwa.

“Umetumwa na nani?”

“Na baraza.”

“Baraza ni akina nani?”

Mzee akawanyooshea kidole wenzake mmoja mmoja, kisha akajigusa kifua. “Sisi.”

“Basi waambie baraza, wanangu hawana cha kupanda.”

Mzee akavaa kofia, akatoka, akalizunguka ghala lote, akarudi kukaa palepale. “Nimefikisha.”

Mpaka leo sielewi alimfikishia nani huko nje. Wala sielewi kwa nini hata mimi nilimngoja kwa heshima, kama mtu atakayerudi na jibu.

“Wamesemaje?” mama akauliza.

“Wamesema watakaa kulijadili.”

Nikawatazama wote watano. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi.