Disketi Moja kwa Watu Wanne

Saa tatu na dakika kumi na tano asubuhi, siku ya Jumamosi, mwenyekiti wa wakulima wa mpunga aliingia karakana yangu akiwa na damu kwenye shati, kifuani na mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kurekebisha redio ya mteja yenye saa, na nilikuwa nailinganisha na ile ya ukutani. Nilisimama nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

Alitoa karatasi mbili mfukoni, akazikunjua juu ya meza yangu na kuzigandamiza kwa viganja. Zote mbili zilitoka kwetu. Nilizitambua kwa printa yetu, ambayo ilikuwa haichapi vizuri vichwa vya herufi.

"Soma hapa. Sasa soma na hapa. Saa kumi na moja alfajiri maji ni ya nani?"

Karatasi ya kwanza ilimtaja mkulima mmoja. Ya pili ilimtaja jirani yake, siku ileile, saa ileile.

"Kila mmoja alikwenda na karatasi yake," akasema. "Wakakutana kwenye banio. Huyu akafungua, yule akafunga. Huyu akafungua tena. Yule akainua chepe." Alijionyesha mwilini mwake, kutoka kwenye bega kushuka. "Mkono umebaki unaning'inia. Nimembeba mimi mpaka barabarani. Sasa nimekuja kuuliza, fundi, nani kati yenu kaukata ule mkono?"

Nilimwomba anipe muda mpaka adhuhuri. Alisema adhuhuri atarudi na watu, na hao watu hawatakuja kusoma karatasi.

Tulikuwa wanne, na hakuna aliyetulipa. Wa kwanza alikuwa karani aliyepunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, mtu wa Kibosho. Nitamwita mwanzilishi, kwa sababu ndiye aliyeianza ile programu, akaiandika peke yake miezi minane, kwa kitabu kimoja na kwa kukodi kompyuta nusu saa nusu saa. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Tarakea, kule mpakani, mwepesi wa akili na mwepesi wa ulimi. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa mjini mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Kompyuta na printa zilikuwa za kaka yake, naye alituruhusu kuzitumia saa ambazo hakuna wateja, kwa sharti moja: tusihifadhi kitu chetu chochote ndani ya mashine. Wa nne ni mimi, fundi redio, niliyeishia darasa la saba na mengine nikayasoma mwenyewe.

Programu ilifanya kazi moja. Ulikuwa unaiingizia ukubwa wa kila jaruba la mpunga, umbali wake kutoka kwenye banio, yaani mlango wa maji ya mfereji, na siku ambazo mwenye jaruba alijitokeza kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji. Yenyewe ilitoa orodha ya zamu za maji kwa wiki nzima. Kabla yake orodha ilitoka kichwani mwa kamati, na maji ya mchana yalikwenda kwa jamaa za kamati. Wakulima wa upande wa Mabogini waliipenda. Walikuwa wakisema kompyuta haina shemeji.

Wazo la kuitoa bure nililileta mimi. Kila wiki nililipia nusu saa ya intaneti mjini, nikachapa barua za watu wa nchi za mbali wanaoandika programu kwa kujitolea, nikaenda kuzisoma nyumbani na kamusi pembeni. Waligombana sana. Waligombana juu ya nani ana haki ya kupokea badiliko na nani ana haki ya kulikataa, kama bunge lisilo na spika. Mara nyingine suluhu ikishindikana, mmoja alichukua nakala yake na kwenda kuiendeleza kwake, na dunia haikuanguka. Kutokana na barua hizo niliandika mistari mitano ya Kiswahili juu kabisa ya programu yetu: yeyote anaruhusiwa kunakili kazi hii, kuibadilisha, na kumpa mwenzake.

Niliandika hivyo. Kisha nikaweka utaratibu uliokwenda kinyume chake.

Mwanzilishi alikuwa amependekeza kila mmoja wetu awe na disketi yake ya kuhifadhia programu. Nilikataa. Nilisema disketi nne zitazaa programu nne na hatutajua ipi ni ipi. Zaidi ya hayo, vifaa vilinunuliwa kutoka mfukoni mwangu, na sikuona sababu ya kununua nne wakati moja inatosha. Nikachora ratiba ukutani: siku mbili kwako, siku mbili kwa mwenzako. Disketi ikirudi kwa mwanzilishi, anaikagua, anaacha la kuacha na kufuta la kufuta. Tuligawana disketi kama tunavyogawana maji, na hakuna aliyeshangaa, maana watatu kati yetu tulizaliwa kwenye vihamba, mashamba ya migomba ya mlimani, ambako mtoto anajua zamu ya mfereji kabla ya kujua sala. Dada, aliyekulia mjini, alisema kwao ilikuwa foleni ya bomba, kwa hiyo ni yaleyale.

Chini ya ratiba hiyo, kwa maandishi makubwa ya mkono wangu, kulikuwa na onyo: DISKETI ISIKARIBIE SPIKA. Karakana ilijaa spika, na spika ni sumaku, nayo sumaku hufuta kilichomo kwenye disketi.

Ugomvi ulikuwa umeanza miezi mitatu kabla ya chepe. Mwalimu alipiga hesabu akaona kwamba maji yanapotea njiani, kwa hiyo majaruba ya mwisho wa mfereji yanastahili nusu saa zaidi. Akaandika badiliko. Disketi iliporudi, mwanzilishi akalifuta. Mwalimu akaliandika tena, likafutwa tena. Mara ya tatu mwalimu alimuuliza kosa liko wapi. Jibu lilikuwa, "Hukuniuliza." Wiki ile ya chepe mwanzilishi alichapa orodha Jumanne, ikabandikwa. Alhamisi ilikuwa zamu ya mwalimu. Akarudisha badiliko lake, akachapa orodha ya pili, akaipeleka mwenyewe kwa wakulima wa mwisho wa mfereji.

Saa nne na dakika arobaini wote wanne tulikuwa karakana. Mwanzilishi alikuwa ameshaichukua disketi kwa mwalimu asubuhi ileile, kwa kuwa zamu yake ilianza Jumamosi. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo. Humo ndimo kazi yote ya miaka miwili ilimokuwa.

"Nani alichapa ya pili?" nikauliza.

"Mimi," akasema mwalimu. "Na nitachapa tena. Mtu wa mwisho wa mfereji anapata matope, na huyu anajua."

"Hukuniuliza," akasema mwanzilishi.

"Nikuulize kama nani? Umekuwa mangi wa kutawala watu siku hizi? Tukuletee na kiti?"

"Cheka. Kule kwetu mfereji alichimba babu wa babu yangu. Mpaka leo ukitaka kugusa banio unakuja kwetu kwanza, na pombe ya mbege mkononi. Ninyi hamkuja hata na maji ya kunawa."

"Kaka," akasema dada, "mtu kakatwa mkono leo asubuhi, wewe unadai mbege?"

"Sikuukata mimi. Kaukata huyu mjuaji wako wa mpakani."

Nilisema tupige kura: mabadiliko yapokewe na wote wanne kwa wingi wa mikono, na disketi ikae kwangu. Mikono mitatu ilipanda. Mwanzilishi alituangalia mmoja mmoja, akajipigapiga mfuko wa shati.

"Pigeni kura mpaka jioni. Iko hapa."

Akainuka. Nilikwenda mlangoni nikafunga komeo.

Mwalimu ndiye aliyerukia mfuko. Mwanzilishi alinyakua kigoda cha mbao na kumpiga nacho mdomoni, kwa mkono mmoja, bila hata kukiinua sana. Niliona meno mawili yakianguka kwenye sakafu, moja likiwa na kipande cha fizi. Mwalimu alipiga magoti. Mwanzilishi akainua kigoda tena ampige kisogoni. Dada alikuwa amevua kiatu, akamchapa mwanzilishi nacho shingoni na sikioni, mara nyingi, huku akimtukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Mwanzilishi alimsukuma dada, akaangukia rafu ya vipuri. Rafu ikamwangukia.

Nilimkamata mwanzilishi kwa nyuma. Nimenyanyua jenereta na amplifaya za baa kwa miaka ishirini, na mikono yangu ni ya kazi hiyo. Nilimkaba shingo, nikamburuta hatua tatu, nikamlaza kifudifudi juu ya benchi ya kazi, nikamwegemea kwa uzito wangu wote.

"Itoe."

"Sitoi."

Nikaegemea zaidi. Mfupa wa mtulinga, ule wa begani upande wa kulia, ulivunjika, na niliusikia ukivunjika, kama uti mkavu wa jani la mgomba unapokanyagwa. Alipiga ukelele. Nikasema tena, "Itoe," naye hakujibu, kwa kuwa hakuwa na pumzi. Nikaegemea mara ya pili. Ile ya kwanza nimeiungama. Hii ya pili nilikuwa nimeshausikia mfupa, na nilijua nafanya nini, na kwa muda mrefu niliizungumzia kama ni moja na ile ya kwanza.

Mwili wake ulipolegea nilimgeuza, nikaingiza vidole mfukoni, nikaitoa disketi. Haikuwa imepinda. Haikuwa na damu. Niliinyanyua juu, na mwalimu aliyekuwa sakafuni akiushika mdomo wake alicheka, na mimi nilicheka. Tulicheka juu ya mtu aliyevunjika.

Mwenyekiti alirudi adhuhuri na vijana sita wenye magongo. Walipoona hali ya chumba walishusha magongo. Hao hao ndio waliompeleka mwanzilishi hospitali, kwenye ubao wa rafu yangu.

Mimi, dada na mwalimu tulikwenda dukani kuchapa orodha moja ya kweli. Mwalimu alikuwa amejaza kitambaa mdomoni. Dada aliingiza disketi. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, kisha ikaandika kwamba disketi hii ni tupu, haijawahi kutayarishwa, je, tunataka kuitayarisha sasa? Tuliitoa tukaipuliza. Tukairudisha. Mara tatu.

"Fundi," akasema dada taratibu, "pale ulipomlaza palikuwa na nini?"

Sikuhitaji kwenda kuangalia, lakini nilikwenda. Juu ya benchi kulikuwa na spika kubwa ya baa moja ya barabara ya stendi, imelala kifudifudi ikisubiri gundi. Sumaku yake, pana kama sahani ya chai, ilikuwa imetazama juu. Nilikuwa nimemgandamiza mwanzilishi juu yake kwa upande wa moyo, mara mbili.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Mwanzilishi alikuwa amefungwa kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika pamoja na mtulinga. Hakugeuza kichwa.

"Imesomeka?"

"Haikusomeka. Sumaku."

"Kwa nini hamkuniomba nakala?"

"Ungetupa?"

"Banio ni langu. Nakala si yangu. Ningeikatalia vipi, na wewe mwenyewe uliandika pale juu kwamba kila mtu anaruhusiwa?" Akavuta pumzi, ikamuuma. "Ningewatukana, halafu ningewapa. Mwalimu angekwenda na yake, mimi na yangu. Wakulima wangechagua."

Nilisema sikufikiria hivyo. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimesoma barua za wageni mwaka mzima, nikaziweka kwenye faili kwa mpangilio, na kati yetu wanne hakuna aliyefikiria kwamba maji haya, ukimgawia mwenzako, hayapungui kwako. Tulipigania kitu kilichoweza kuwa chetu sote kwa dakika moja ya kunakili.

Programu haikuandikwa tena. Nilijaribu kwa kumbukumbu nikafika theluthi, na theluthi hiyo ilikuwa na makosa. Orodha ilirudi kichwani mwa kamati, na maji ya mchana yakarudi kwa jamaa za kamati. Msimu uliofuata watu wawili wengine walichomana na kukatana kwenye mfereji uleule. Mkono wa yule wa kwanza ulishonwa, lakini vidole havikufunga tena. Mkewe ndiye anayeshika jembe. Mwalimu alihamia shule nyingine na meno ya kuweka. Dada hakutufungulia tena mlango wa duka, na sikumlaumu. Mwanzilishi anaishi. Tukikutana kanisani ananisalimia kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haunyooki tena mbele, na kila mara mimi hunyoosha wa kulia kabla sijakumbuka.

Gharama za hospitali nililipa mimi, na rafu, na kigoda, na spika ya watu. Hizo sikuziandika popote. Kilichoandikwa ni kimoja, nami nilikikuta miaka kadhaa baadaye nilipokuwa nikitupa madaftari ya zamani ya karakana. Ni ukurasa wa siku tulipopanga zamu. Kwa wino wa bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyeridhika na nafsi yake, nimeandika kwamba disketi zilizopendekezwa ni nne, iliyonunuliwa ni moja, bei ya moja ni shilingi mia tano. Chini yake nimepiga mstari kwa rula, na chini ya mstari nimeandika: kilichookolewa, shilingi elfu moja na mia tano.