Mtoto wa Mkono Wazi

Mwanangu wa kwanza alisifika nyumba nzima kwa ukarimu kabla hajaota meno manne. Ukimpa kipande cha kiazi kitamu alikishika vizuri, akakitazama, kisha akakunyooshea wewe mpaka midomoni. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, na wapangaji wenzetu walipita uani makusudi ili wapewe. "Huyu tutamchagua mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa," alisema mama wa chumba cha mbele. Na mimi, mjinga, nilivimba kichwa.

Nilikuwa nashona sare kiwandani. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mume wangu alimwita dada yake mkubwa kutoka Lindi aje amlee mtoto. Wifi yangu alikuwa ameachwa na mumewe kwa sababu hakuzaa, akaja na furushi moja tu la nguo. Sitamsingizia. Alisimama kwenye foleni ya unga na mtoto mgongoni, alifua nepi, aliimba. Nilimpenda. Naliandika hili mapema, isije ikaonekana nilimchukia tangu siku ya kwanza.

Pale kiwandani palikuwa na chumba cha watoto. Walezi walikuwa wawili tu, kwa hiyo walipokea tu mtoto aliyefika miezi tisa, anayekaa bila kushikwa na anayekula kwa mkono wake. Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote. Kila siku saa sita mchana blauzi yangu ililowa maziwa, na mwenye maziwa yuko nyumbani anapewa uji. Wifi alijua. Alijua pia kwamba mtoto akipokelewa, yeye atarudi Lindi, maana mume wangu alishamwambia.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenielekeza. Kiazi, boga au ndizi mbivu, kipande kirefu kama kidole cha mtu mzima ili mtoto akishike na kichwa kibaki nje ya ngumi. Ukichemshe mpaka kipondeke kati ya vidole viwili. Kisipopondeka, kirudi sufuriani. Karanga asipewe, wala samaki mwenye miiba. Akae wima, na usiondoke mbele yake. Mwisho akanionya tusimtafunie chakula na kumtilia mdomoni, hata kama ndivyo tulivyolelewa sisi. Nilimweleza wifi neno kwa neno, naye akasema, "Sawa wifi, nimesikia."

Basi kila jioni nikitoka kazini nilimkalisha mwanangu mkekani na sahani yake ya bati. Alishika kipande, akanyoosha mkono, akanipa. Nilikirudisha mkononi mwake, naye akanipa tena. Wifi alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. "Taratibu wifi, usimharakishe," alikuwa akiniambia. "Mtoto ana moyo wa kutoa huyo."

Alipotimiza miezi tisa nikampeleka. Mlezi mkubwa, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alimweka mkekani na kipande cha boga mbele yake. Mwanangu akakiokota, akamnyooshea. Nilicheka nikasema, "Anapenda kugawa huyo, ndivyo alivyo."

Mlezi hakucheka. Alikipokea mdomoni, akaanza kutafuna. Hapo mwanangu akamsogelea, akainua uso chini ya kidevu chake, akafungua mdomo na kusubiri.

"Ndugu, huyu hagawi," mlezi akaniambia. "Huyu anatafuniwa. Anakupa umtafunie, umrudishie. Nani anakaa naye?"

"Wifi yangu."

"Kamuulize wifi yako. Halafu umlete tena akishajua kula."

Nilimkuta wifi uani, na kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukana. "Kwetu wote tumetafuniwa," alisema. "Hata huyo mumeo nilimtafunia mimi."

"Nilikukataza, ukaniambia sawa."

"Nilisema sawa."

"Na kila jioni unaniona nahangaika naye, unaniambia taratibu."

Aliendelea kuchambua mchele. "Akijua kula mwenyewe," alisema, "mimi nakwenda kwa nani?"

Mume wangu alipoingia nilimweleza, nikitegemea ashangae. Alivua viatu, akasema alishamwona akimtafunia mara mbili tatu, akaona hayo ni mambo ya wanawake. Nililia mbele yao wote wawili. Miezi mizima nyumba nzima ilikuwa inajua mwanangu anakulaje, isipokuwa mimi niliyemzaa.

Wifi aliondoka Jumapili. Niliomba ruhusa ya siku chache kazini, nikabaki na mtoto. Siku mbili alinyonya tu na kunywa uji kidogo, na kila kipande nilichompa alinirudishia, akafungua mdomo, akanisubiri.

Siku ya tatu, mchana, alininyooshea kiazi nikakipokea mdomoni. Uso wake ukachangamka. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akafungua mdomo wake. Nikatafuna. Nikameza. Kisha nikaachama ili aone kwamba hamna kitu.

Alichungulia mdomoni mwangu, akarudi kunitazama machoni. Ndio uso niliotoka nao mimi kiwandani siku ile mlezi aliponiambia. Alilia mpaka akachoka, na mimi sikusogea wala sikumwondoa mkekani.

Kisha akaokota kipande kingine. Alikaa nacho mkononi muda mrefu, akanitazama, akakitia mdomoni mwake mwenyewe. Wakati huo mama wa chumba cha mbele alikuwa anapita na ndoo yake. Akainama kama kawaida, akaachama apewe. Mwanangu akakibana kipande chake kifuani, akamgeuzia mgongo.